Nilipoogopa Kumshika Susu Yako

Mami,

Nasikia unafunga begi chumba cha pili, na mama yako anakuwekea zile ndengu ulizomwambia huzitaki. Mwache aweke. Mambo ya kufunga mlango, ya kula kabla ya kwenda kazini, ya kutafuta kanisa mapema kabla hujapata marafiki wa kukupotezea Jumapili, yote amekwambia yeye, na ninavyomjua atayarudia kesho hata ukiwa umeshapanda gari. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa mezani na kalamu kwa sababu kuna swali uliniuliza juzi nikalikimbia.

Ulikuwa umeshika simu, umesoma ule ujumbe wa kiwanda kwamba wiki ya kwanza, kabla hata hujaonyeshwa mashine, mtapewa mafunzo ya huduma ya kwanza, na kwamba wewe umewekwa kwenye kikundi cha dharura cha zamu yako. Ulifurahi sana. Ukasema, "Baba, si hii ndiyo wewe ulikuwa unafanya? Nipe maneno mawili matatu basi, nisiende mjinga." Nikajibu kwamba ng'ombe hajanyweshwa. Ng'ombe alikuwa ameshakunywa, na wewe ulijua, maana uliyemnywesha ni wewe.

Habari yenyewe si siri. Mji wa Wote mzima unaijua, na wenye kuijua nusu ndio huisimulia kwa sauti kubwa. Lakini ilipotokea ulikuwa bwenini, na ulipokuja likizo uliipata vipande vipande, kwa shangazi zako na kwa macho ya mama yako. Kwangu hukuipata. Kila nikitaka kuanza nakumbuka kazi fulani, naondoka. Leo nimeamua nitaandika tu, kwa sababu karatasi haiwezi kuniangalia.

Mafunzo yale yalikuja kwetu kiwanda cha maembe kwa njia ya kawaida. Wakaguzi walipita, wakauliza nani hapa anajua la kufanya mtu akiumia, na meneja akaangalia supavaiza, supavaiza akaangalia paa. Baada ya hapo akaletwa mwalimu. Alikuwa mtu mchangamfu, si wa huku kwetu, na alikuja na sanamu ya mpira yenye kichwa na kifua peke yake. Tulikusanywa kwenye banda la kupakia. Musyoka, yule wa kupakua lori ambaye unamfahamu kwa makelele, akauliza, "Mwalimu, sasa huyu alikatwa miguu na nini?" Banda zima likavunjika mbavu kabla mafunzo hayajaanza.

Mwalimu alitaka wanaume na wanawake. Alisema kwa akili kabisa kwamba wanaochambua maembe karibu wote ni wanawake, kwa hivyo ni vizuri wao ndio wajifunze zaidi. Lakini mafunzo ni kupiga magoti, kuinamia sanamu, kuibonyeza kifua na kuipulizia mdomoni watu wakikutazama. Syombua, ambaye alikuwa kiongozi wa meza ya kuchambua, alikataa wazi. "Mimi nipige magoti hapo na sketi, na shemeji yangu ameketi hapo mbele? Zii. Andika hao wanaume." Wenzake wakapiga makofi. Tukaandikwa wanaume. Nami nikaandikwa kwa sababu nilikuwa karani wa stoo na stoo iko katikati, mtu anaweza kuniita kutoka upande wowote.

Nisikudanganye, niliyapenda. Nilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyowahi kuwa shuleni. Nilijifunza kumgeuza mtu ubavu, kufunga kidonda, kupoza mtu aliyeungua kwa maji yanayotiririka na si kwa dawa ya meno kama tulivyozoea. Mtu akikwamwa na chakula, anajitahidi kukohoa na hatoi sauti, unampiga mgongoni kwa kisigino cha kiganja, na ikikataa unasimama nyuma yake, unamzungushia mikono, unafunga ngumi juu ya kitovu, unavuta ndani na juu kwa nguvu. Nilimfanyia Musyoka mara nyingi akijifanya anakufa. Aliigiza vizuri mpaka mwalimu akamwambia apunguze.

Na hapo ndipo Musyoka alipouliza lile swali. Aliuliza kwa mzaha wake uleule. "Na kama mwenye amekwama ni mama mkwe, mwalimu? Nimkumbatie hivi?" Akanionyesha alivyoshikwa, amebinua matako. Mami, nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Mwalimu hakuelewa, mtu mmoja akamweleza kwa kuchekacheka, naye akacheka akasema, "Basi ombeni asije akaanguka kwa zamu yenu." Tukaingia somo la kuumwa na nyoka. Tulikuwa banda zima la Wakamba, karibu kila mwanaume pale ana mama mkwe, na swali la maana kuliko yote lilipita hivyo, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi.

Wewe ni mtoto wa siku hizi, unaweza kuona nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe kutogusana wala kutazamana, ni ushamba. Kwa shangazi zako wa Nairobi imeisha, wanakaa sebuleni na wakwe wanaangalia runinga pamoja. Lakini mimi na Susu yako, mama wa mama yako, tuliishi nayo tangu nilipomwoa mama yako, na haikuwa chuki. Hatukuwahi kushikana mkono. Nikimwona njiani mimi natoka barabarani naingia kwenye kichaka hata kama kina miiba, naye anajifunika leso upande wa uso na kupita. Akija hapa alikaa nyuma ya nyumba na mama yako. Jina lako ni lake, ndiyo maana tangu uzaliwe mimi nakuita Mami, kwa kuwa sikuweza kulitaja jina la mama mkwe nikikukaripia kwa kumwaga maziwa.

Na mjumbe wetu ulikuwa wewe. Unakumbuka? Unasimama mlangoni, mdogo, miguu imejaa vumbi, mimi nasema, "Mwambie susu yako asante kwa kunde," na yeye yuko hapo nje ananisikia kila neno. Unageuka, "Susu, Baba amesema asante kwa kunde." Naye anasema, "Mwambie ale, amekonda." Nami nimeshasikia, lakini nangoja uniletee. Nilimpenda yule mama. Nilipougua malaria mbaya alinitumia uji kila siku kwa kibuyu, kutoka kwake Matiliku, na hakuna hata siku moja aliyoingia kuniona. Kwetu mapenzi ya namna hiyo yalikuwepo na yalitosha.

Siku yenyewe ilikuwa msimu umechanganya. Wakulima walikuwa wamepanga kreti zao kutoka getini mpaka kwenye mizani, jua limewaka, watu wamechoka kungoja. Susu alikuja na maembe yake kwa pikapu ya kukodi kama kila msimu. Na kama kila msimu, nilipoambiwa amefika nilimwachia Musyoka mizani nikajifungia stoo, nikajipa kazi ya kupanga magunia yaliyokuwa yamepangwa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu. Yeye anajua nimejificha, mimi najua anajua, na maembe yake yanapimwa vizuri kuliko ya mtu yeyote.

Kwenye foleni kulikuwa na mama anauza muhogo wa kuchemsha. Susu alinunua. Meno yalikuwa yamebaki machache, muhogo ulikuwa mkavu, na nadhani alikuwa na haraka kwa sababu zamu yake ilikuwa imekaribia. Nilisikia makelele, kisha nikasikia jina langu. "Mutua! Mwite Mutua wa fasti eidi!" Nikavaa fulana ya reflekta ya kijani, nikabeba sanduku, nikakimbia. Najua utaniuliza kama nilijua ni yeye. Sikujua. Nilikimbia nikiwa na furaha kidogo, Mungu anisamehe, maana tangu mafunzo sikuwa nimeitwa kwa jambo kubwa kuliko kidole kilichokatwa.

Watu walipasuka katikati kunipisha. Nikamwona. Alikuwa bado amesimama, ameshika koo kwa mkono mmoja, macho yametoka, na mkono mwingine umeshika ukingo wa kreti. Hakuwa anatoa sauti. Ilikuwa ni kama tulivyofundishwa kabisa, hakuna kilichokosekana, hata mtoto angejua la kufanya. Naye akaniona. Mami, yule mama alikuwa anakosa hewa, anakufa, na aliponiona akaachilia kreti, akavuta leso, akajifunika uso, akanigeuzia mgongo.

Mimi nikasimama.

Sijui ni kwa muda gani. Syombua anasema ni kidogo tu, Musyoka anasema ni kirefu, na mimi mwenyewe nikikumbuka naona ni mpaka leo. Mgongo wake ulikuwa mbele yangu, pale pale unapotakiwa kuwa, mtu akitaka kumzungushia mikono hana haja hata ya kumzunguka. Alinigeuzia kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyomweka mahali pa kuokolewa, na mimi sikuweza kuinua mikono. Niliona aibu. Nikuandikie wazi kwamba haikuwa hofu ya kukosea, kwa sababu nilikuwa najua. Niliona watu wote wa Wote na Tawa na Matiliku wamesimama pale na maembe yao, wanangoja kuona mkwe akimkumbatia mama ya bibi yake kwa nyuma.

Nikamwita Syombua. "Mshike! Mshike kutoka nyuma! Juu ya kitovu!" Syombua alikimbia, akajitahidi, lakini hakuwa amefundishwa. Alimshika kifuani, akambana tu kama anamzuia asianguke. Nikapiga kelele, "Chini! Shusha mkono! Vuta juu!" Naye analia, "Wapi? Mutua, wapi? Kuja unionyeshe!" Mama wa muhogo naye alikuwa analeta maji, nikamfokea asimpe. Nilikuwa natoa amri nzuri sana. Mwalimu wangu angejivunia zile amri.

Susu akalegea akateleza kutoka mikononi mwa Syombua mpaka chini. Ile leso ikamtoka usoni. Nilipoona uso umebadilika rangi, midomo imekuwa ya buluu, ndipo kitu kilichonishika kikaniachilia. Nikapiga magoti. Nikamfungua blauzi na kuanza kubonyeza kifua, mbele ya wote, kwa nguvu zangu zote, na nikasikia ubavu ukilia chini ya viganja vyangu. Musyoka, yule wa mizaha, alivua shati akaungana na wanawake wakashika leso kuzunguka, kutuzibia, wakiwa wametugeuzia migongo. Hakuna aliyecheka. Kile kipande cha muhogo kilitoka nikakiondoa kwa kidole mdomoni mwake. Nikampulizia. Nikaendelea, nikaendelea, mpaka akavuta pumzi moja mbaya kama ya mtu anayekoroma, na nyingine.

Tulimpeleka hospitali na ileile pikapu yake. Alikaa huko siku nyingi. Akarudi akiwa hai, na hapo ndipo watu wanapomalizia hadithi wakisema Mutua alimwokoa. Lakini ubongo ulikuwa umekaa bila hewa kupita kiasi. Aliporudi Matiliku hakuwa na maneno, na mkono wa kushoto haukuwa unamsikiliza tena. Yule mama aliyekuwa anaagiza watoto wa kijiji kizima kutoka uani kwake, sasa hata kuomba maji hawezi.

Kazini walinifanyia sherehe. Meneja alikusanya watu, akanipa cheti na redio ndogo, picha yangu ikabandikwa kwenye ubao hapo getini, nimevaa reflekta natabasamu. Nilimwomba supavaiza aitoe. Akaniambia, "Wacha unyenyekevu, Mutua." Kila asubuhi nilipita mbele ya yule mtu anayetabasamu, na kila asubuhi nilitamani kumpiga kofi. Mwishowe mvua iliingia ubaoni ikamharibu uso, nami nikaishukuru mvua.

Kisha nikafanya jambo ambalo shangazi zako walilicheka, na labda ulilisikia. Nilichukua mbuzi nikapeleka Matiliku kwa wajomba zako. Zamani, mtu akivunja nthoni alienda na mbuzi, wazee wakachinja, wakasema maneno, mambo yakaisha. Nilifikiri labda na mimi yangeisha. Mjomba wako mkubwa alinikaribisha vizuri, akaangalia mbuzi, akakuna kichwa. "Mutua, sisi tumeokoka. Hiyo mambo ya mbuzi tuliacha. Na hata hivyo, wewe ulimsaidia mwaitu, mama yetu. Tunakulipisha ya nini?" Nikasema, "Basi niruhusuni nimwone." Akaangalia chini. Akasema, "Sasa hiyo nayo… Unajua bado ni mama mkwe wako."

Mbuzi hawamtaki kwa sababu mila imekwisha, na chumbani siingii kwa sababu mila haijaisha. Nikarudi na mbuzi wangu nyumbani akilia njia nzima. Ndiye yule mliyemla Krismasi ile, ukasema nyama ni ngumu.

Mama yako alikaa bila kuniuliza kwa muda mrefu. Mbele za watu alinitetea kama simba. Siku moja tulikuwa tunapepeta ndengu, wawili tu, akasema bila kuinua macho, "Syombua ameniambia kwamba kwanza ulisimama." Nikasema ndiyo. Akaendelea kupepeta. Akauliza, "Ungekuwa ni mimi nimekwama, ungesimama?" Nikasema hapana. "Ingekuwa ni mama yako?" Nikasema hapana. Akasema, "Kwa hivyo ni kwa sababu ni mama yangu." Hakusema kwa hasira. Alisema tu, kama mtu anayehesabu vitu akakuta kimoja hakipo. Nilitaka kumweleza kwamba nilisimama kwa sababu nilimheshimu mama yake kuliko nilivyomheshimu mtu yeyote, na nikaona maneno hayo hata mimi mwenyewe siwezi kuyatoa mdomoni.

Reflekta nilirudisha. Nilimwambia supavaiza mgongo unaniuma. Sasa nasikia wamefundisha wengine na Syombua ni mmoja wao, amepiga magoti na sketi yake mbele ya shemeji na wasio shemeji. Amekuwa mkali, anawafokea vijana wanaochekacheka. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kumwambia asante.

Sasa wewe unakwenda kujifunza hayo hayo, na mimi ndiye baba unayeniomba maneno mawili matatu. Ninayo machache na sina uhakika nayo. Ya mikono watakufundisha, na yamebadilika kidogo tangu wakati wetu, kwa hivyo wasikilize wao. Lakini watakapofika mahali watu wanapocheka, wewe angalia wanacheka nini. Huko uendako mtakuwa watu wa makabila yote, kuna Waislamu wa kutoka Garissa, kuna Wamaasai, kuna dada wa kanisa asiyeshikwa na mwanaume, na kila mtu ana mtu wake ambaye hawezi kumgusa au kuguswa naye. Uliza kabla. Muulize mtu akiwa mzima, mnakunywa chai, siku hakuna kilichotokea: ukianguka, ungependa nani akushike, na kama hayupo, nikushike mimi? Wataona una mambo ya ajabu. Uliza hivyo hivyo.

Kwa sababu nimeshafikiri sana, Mami, na hapo ndipo ninapokwama. Sijui Susu alitaka nini. Alipojifunika leso alikuwa ananiambia usinishike? Au alikuwa anafanya tu kile mwili wake ulichozoea, kama mimi nilivyofanya? Kama alikuwa anakataa, basi nilimvua nguo mtu aliyekataa, nikamvunja ubavu, nikamrudisha kwenye maisha ya kulishwa kijiko. Kama hakuwa anakataa, basi nilimwacha akose hewa huku nina dawa mikononi. Nimejaribu kuchagua moja nilale nayo. Siku nyingine naamka na ile nyingine. Wa kuniambia ni mmoja tu, na hana maneno, na hata angekuwa nayo asingeniambia mimi.

Leo tulipokwenda Matiliku ukamuage Susu, uliona nilikaa nje karibu na tangi la maji kama kawaida yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia ukimsimulia kazi mpya, ukimwimbia ule wimbo wake wa kanisani, ukicheka peke yako kwa ajili ya wawili. Ulipotoka macho yalikuwa mekundu. Njiani ukaniambia alikushika kwa mkono wa kulia hakutaka kukuachilia. Kisha ukasema, "Baba, alikuwa anaangalia dirisha sana." Nilitaka kukuuliza aliangalia kwa namna gani, kama mtu anayetafuta mtu au kama mtu anayehakikisha kwamba mtu hayupo karibu. Nikaogopa jibu lako, na nikaogopa pia kwamba wewe ungesema hujui.

Hata nikikukumbusha hayo yote, sina uwezo wa kukukinga. Utafika siku, labda mwaka wa kwanza, labda baada ya kumi, wataita jina lako, watu watakupisha, na aliye chini atakuwa mtu ambaye kitu ndani yako kitasema huyu hapana. Mimi sitakuwa hapo kukusukuma. Nitakuwa huku na ng'ombe. Hili linanitesa kuliko safari yenyewe na kuliko hao wanaume wa mjini ambao mama yako amekuonya juu yao tangu Jumatatu.

Basi nifanye hili moja ninaloweza. Susu yako hakuwahi kuulizwa na hakuwahi kusema. Mimi nasema sasa, nikiwa mzima, nimekula, na akili zangu zote ninazo.

Najua kwetu binti mkubwa hamgusi baba yake kifua, hamfungui shati, hamwekei mdomo juu ya mdomo. Najua, na ukikumbuka nilivyokulea utasema mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Lakini ikiwa umekuja likizo ukanikuta nimeanguka, hapa uani au sokoni Wote siku ya soko au kanisani mbele ya mchungaji, usimtafute mjomba. Usimwite mwanaume. Usikae ukitoa amri. Nifungue vifungo, kama ni vigumu kata. Nibonyeze kwa nguvu, na ukisikia mfupa umelia usiache. Watu watatazama, wacha watazame. Mama yako amekuja, anasoma nyuma ya bega langu, anasema niandike kwamba na yeye vivyo hivyo, nimeandika.

Na nikigeuza uso, Mami, au nikikufukuza kwa mkono, au nikijifunika, usidhani nimekataa. Hiyo itakuwa ni aibu ya mzee tu, imenitangulia kuamka. Nishike hivyo hivyo.

Baba yako